Jinsi ya kuyatembelea makasri ya Unguja kwa miguu na kuuelewa ujenzi wake

Kabla ya kusimama mbele ya kasri lolote la Mji Mkongwe wa Zanzibar, ingia kwanza katika nyumba moja ya kawaida ya mawe, kwenye vichochoro vya Kiponda au Shangani, na uinue macho utazame dari. Utaona miti myembamba ya mikoko imepangwa sambamba, mmoja baada ya mwingine, kutoka ukuta hadi ukuta. Hizo ndizo boriti. Sasa egemeza mgongo kwenye ukuta mmoja, kisha tembea taratibu hadi ukuta wa pili huku ukihesabu hatua. Mara nyingi hatua nne za kawaida zitakufikisha, kwa kuwa vyumba vya nyumba hizi vina upana wa mita mbili na nusu hadi tatu hivi, ingawa urefu wake unaweza kuwa mara mbili au hata mara tatu ya hapo. Ukilishika jambo hili moja vizuri, utakuwa umepata ufunguo wa kila kasri utakaloliona siku hiyo.

Sababu ya vyumba hivyo kuwa virefu na vyembamba ni mti wenyewe. Boriti nyoofu na yenye nguvu ya kubeba dari ya mawe haipatikani kwa urefu wowote anaoutaka mwenye nyumba, na dari ya Unguja si nyepesi. Juu ya boriti hupangwa vipande vya mawe, juu ya mawe humwagwa zege la chokaa, na zege hilo hupigwa kwa vipande vya mbao mpaka lishikane na kuwa sakafu ya ghorofa inayofuata. Uzito wote huo hukaa juu ya mikoko iliyokatwa mwambaoni, mingi ikitoka katika delta ya Rufiji. Kwa hiyo tajiri aliyetaka kuonyesha utajiri wake hakuweza kupanua chumba. Aliweza tu kuongeza idadi ya vyumba, kupandisha ghorofa, kunakshi mlango na kuzipamba kuta. Sultani naye alikuwa chini ya sheria hiyohiyo. Kwa miongo mingi mfalme na mfanyabiashara wa karafuu walilala chini ya boriti za urefu mmoja.

Zamani nilikuwa nikiwaanzisha wageni wangu Forodhani, mbele ya Beit al-Ajaib, yaani Nyumba ya Maajabu, kwa kuwa ndilo jumba kubwa kuliko yote na kila mtu analitaka kwanza. Waliinua vichwa, wakapiga picha, wakaridhika, na kila jumba lililofuata likaonekana dogo kwao. Hawakuwa na kosa lolote. Mimi ndiye niliyewaonyesha jibu kabla hawajalisikia swali. Tangu nilipoanza kuwapitisha kwanza chini ya boriti za nyumba ya kawaida, hata watoto hufika Forodhani wakiuliza wenyewe: hili limewezaje kuwa pana hivi?

Anza saa mbili asubuhi, jua likiwa bado halijapanda, kwa sababu mwanga wa ubavuni huzionyesha nakshi za milango na nyufa za kuta kuliko mwanga wa mchana. Siku ya Ijumaa panga ziara yako imalizike kabla watu hawajaanza kuelekea msikitini kwa sala ya mchana. Vaa nguo zinazofunika mabega na magoti, na viatu visivyoteleza, maana mawe ya vichochoroni yamesuguliwa na nyayo za miaka mingi. Nyumba nyingi za zamani sasa ni hoteli au maduka, na wenyewe hawakatai mtu aliyepiga hodi na kueleza kwamba anataka kutazama dari. Lakini nyumba inayokaliwa na familia usiingie wala usichungulie bila kukaribishwa.

Ukiwa bado ndani ya nyumba hiyo ya kwanza, tazama na kuta. Nenda dirishani upime unene kwa mkono: kuanzia ncha za vidole mpaka kiwiko, na mara nyingi zaidi ya hapo. Ukuta umejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa, mchanga na udongo mwekundu, na unene huo ndio unaoifanya nyumba iwe na ubaridi hata mchana wa Januari. Tafuta mahali ambapo lipu imebanduka, na hapatakosekana. Sogeza uso karibu. Ndani ya jiwe utaona mistari myembamba na vitundu kama vya sega la nyuki, na pengine kipande cha kombe kilichobaki kizima tangu jiwe lilipokuwa chini ya bahari. Chokaa inayoyashika mawe hayo nayo imetokana na matumbawe yaliyochomwa kwenye tanu. Yaani nyumba nzima, jiwe na kiungio chake, imetoka baharini.

Hapo ndipo unapaswa kuwaeleza wenzako jambo ambalo mimi hulisema kila ziara, hata kama nimechoka. Ukuta wa chokaa hupumua: unyevu huingia na kutoka. Ukiupaka saruji, unyevu hufungiwa ndani, chumvi hukusanyika nyuma ya saruji, na baada ya misimu michache ya mvua lipu hiyo hudondoka pamoja na kipande cha ukuta wenyewe. Utaviona viraka vya kijivu kila mtaa, na chini ya kila kiraka utaona unga mweupe wa chumvi. Wengi waliovipaka walikuwa na nia njema. Hata hivyo, nyumba nyingi za Mji Mkongwe zinaumia kwa dawa isiyo yake, na ni vyema mgeni aondoke akilijua hilo, kwa sababu mji huu uliingizwa mwaka 2000 katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, na thamani yake imo humo humo katika chokaa hiyo.

Kutoka hapo shuka kuelekea baharini. Ngome Kongwe utaipita njiani, nayo haihitaji muda mrefu kwa ziara ya makasri; ijongelee tu ili uone tofauti. Waomani waliijenga baada ya kuwaondoa Wareno mwishoni mwa karne ya 17, mahali palipokuwa na kanisa la Kireno, na kuta zake ndefu hazina madirisha ya maana. Ni jengo lililojengwa kwa kumwogopa anayekuja kutoka baharini. Geuka sasa utazame upande wa pili, kwenye makasri: yote yameipa bahari uso, yamejaa madirisha na veranda. Wajenzi wake hawakuwa na hofu hiyo. Walitaka kila jahazi linaloingia bandarini liyaone, na hofu iliyowakuta baadaye ilitoka baharini hukohuko.

Fuata barabara ya Mizingani hadi kwenye jumba jeupe lenye meno juu ya ukuta wake. Hili ndilo Beit al-Sahel, maana yake nyumba ya pwani. Kasri la kwanza lenye jina hili lilikuwa la enzi ya Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani aliyehamishia makao yake Unguja katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 na kufariki mwaka 1856 akiwa safarini baharini. Unaloliona leo si lile. Asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896, siku mbili baada ya kifo cha Sultani Hamad bin Thuwaini, manowari za Uingereza zililipiga kasri kwa mizinga kwa sababu Khalid bin Barghash alikuwa amekikalia kiti cha usultani bila ya ridhaa yao. Mapigano hayakufika saa moja. Wengi huyahesabu kuwa dakika 38. Watu wapatao 500 wa upande wa Khalid waliuawa au kujeruhiwa, Beit al-Sahel liliharibika vibaya, na jumba la jirani, Beit al-Hukm, halikujengwa tena.

Kwa mtembezi anayetaka kuelewa ujenzi, jambo la kufanya hapa ni kusimama kwenye bustani iliyo kati ya Beit al-Sahel na Beit al-Ajaib na kuitazama nafasi yenyewe. Watu wengi huipita wakidhani ni nafasi iliyoachwa kwa ajili ya kivuli. Hapo ndipo lilipokuwa Beit al-Hukm. Makasri haya matatu yalikuwa yameunganishwa kwa madaraja yaliyofunikwa, watu wa ndani wakipita kutoka jumba moja hadi jingine bila kukanyaga barabara wala kuonekana na waliopo chini. Ni fikra ileile ya wikio, kile chumba au kivuko cha juu kinachovuka kichochoro na kuunganisha nyumba za ndugu katika miji yetu ya mwambao. Waonyeshe wenzako wikio moja mjini kabla ya kufika hapa, halafu waombe wafikirie mawikio ya kifalme juu ya bustani hii. Pengo litaanza kuonekana kama jengo.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, yaliyomwondoa Sultani Jamshid bin Abdullah, kasri liliitwa Jumba la Watu, na mwaka 1994 likafanywa makumbusho. Kabla ya kupanga kuingia ulizia kwanza kama liko wazi, kwa kuwa majengo haya hufungwa kwa matengenezo. Ukifanikiwa kuingia, usianze na samani, ingawa zinavutia na chumba cha kumbukumbu ya Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said, kinastahili kutulia kwa muda mrefu. Anza tena na dari. Hesabu hatua kutoka ukuta hadi ukuta, kisha linganisha na zile ulizozihesabu Kiponda.

Pembeni ya kasri hili kuna makaburi ya kifalme, Makusurani. Humo limo jengo ambalo halikumalizika, lililoanzishwa na Sultani Majid juu ya kaburi la baba yake, Seyyid Said. Kazi ilisimamishwa kwa sababu wanazuoni wa madhehebu ya Ibadhi, ambayo ndiyo madhehebu ya ukoo huo, hawakubali kaburi kujengewa kwa fahari. Mimi hulipenda jengo hili kuliko mengi yaliyokamilika, kwa sababu linakueleza kwa nini makasri ya Unguja, kwa ukubwa wake wote, yana kuta tupu nyeupe na mapambo yamewekwa mlangoni. Imani ya wenyewe ilipenda sura ya unyenyekevu, na fundi aliachiwa mbao.

Basi zungumzia milango hapa, kabla ya kusogea mbele. Mlango wa Unguja una sehemu zake zenye majina: kizingiti, miimo miwili ya pembeni, na katikati mfaa, ule ubao wenye nakshi unaofunika mahali mbao mbili za mlango zinapokutana. Milango ya mtindo wa zamani wa Kiarabu ina kizingiti cha mraba juu. Ile yenye upinde wa nusu duara ilienea zaidi katika enzi ya Seyyid Barghash, kwa athari za Kihindi. Wafundishe wenzako kutazama chini kwanza, kwenye mguu wa mwimo, ambako mara nyingi utakuta samaki au mawimbi, kisha wapande polepole wakifuata mnyororo, majani na maua ya yungiyungi hadi juu kwenye maandishi. Misumari mikubwa ya shaba huelezwa na baadhi ya waongozaji kuwa ni kinga dhidi ya tembo. Mtindo wenyewe una asili ya Kihindi, lakini Unguja hapakuwa na tembo wa vita, na misumari hii hapa ni pambo. Usiwaambie watu jambo kwa sababu tu linawafurahisha. Mji huu una ukweli wa kutosha wa kuwashangaza.

Sasa, baada ya saa mbili au zaidi za kutembea, uko tayari kwa Beit al-Ajaib. Seyyid Barghash bin Said alilijenga mwaka 1883. Kabla ya utawala wake wa 1870 hadi 1888, aliwahi kupelekwa Bombay uhamishoni baada ya kushindwa katika njama ya kumpindua ndugu yake Majid, na huko aliona mji wenye majengo ya umma makubwa, maji ya mabomba na chuma kilichotumika kujengea. Aliporudi na kutawala, alileta maji safi mjini kutoka chemchemi za Bububu, na kasri lake la sherehe akalijenga kwa kitu ambacho babu zake hawakuwa nacho. Tazama nguzo. Ni nyembamba kuliko shina la mnazi na zimepanda ghorofa kwa ghorofa, zikibeba veranda pana inayolizunguka jumba. Nguzo hizo ni za chuma cha kusubu. Ndani, pamoja na boriti za mikoko na mawe ya matumbawe, zilitumika boriti za chuma na zege. Hatua nne za Kiponda zimevunjwa hapa. Kwa mara ya kwanza mfalme wa Unguja aliweza kuwa na ukumbi mpana kwa sababu hakuuliza tena mkoko una urefu gani.

Maajabu ya jina lake watu huyaeleza kwa taa za umeme na lifti, na ni kweli kwamba jumba hili hutajwa kuwa la kwanza Unguja kupata umeme na la kwanza Afrika Mashariki kuwa na lifti. Kwa maoni yangu ajabu iliyo kubwa zaidi ni ile nguzo. Mnara wa saa haukuwamo katika mchoro wa kwanza. Zamani mbele ya jumba palisimama mnara wa taa ulioharibiwa katika mashambulizi ya 1896, na katika matengenezo yaliyofuata mnara wa saa ukaunganishwa na jumba lenyewe.

Utakapolisimulia jumba hili, usikwepe habari ya kuanguka kwake. Kipande chake kilikuwa kimeshaanguka mwaka 2012, na tarehe 25 Desemba 2020, matengenezo yakiwa yanaendelea, sehemu kubwa ya mbele pamoja na mnara ziliporomoka na watu wawili wakapoteza maisha. Sisi tunaofanya kazi ya kutembeza watu tulikuwa tukilipita kila siku, tukiona kutu ikitiririka kama machozi ya kahawia kwenye kuta nyeupe. Ukilikuta limezungushiwa uzio, simama Forodhani upande wa baharini, mahali ambapo unaweza kuziona nguzo kwa pamoja, na uwaeleze wenzako kuwa chuma kilicholipa jumba upana wake pia kilihitaji utunzaji ambao mkoko hauhitaji: hewa ya bahari ina chumvi, chumvi huleta kutu, na chuma chenye kutu huvimba na kupasua kilichokizunguka.

Majengo ya John Sinclair, Mwingereza aliyechora Mahakama Kuu na baadaye Beit al-Amani, lililokamilika mwaka 1925, unaweza kuyapita kwa haraka ukiwa na muda. Yanaiga matao na makuba ya Kiarabu kwa ustadi, lakini ni jumba la serikali ya kikoloni lililovikwa joho. Na ukikaribia Ikulu, weka kamera mfukoni.

Saa za jioni, panda daladala ya Bububu uende kuona makasri ya nje ya mji, kwani ziara ya mjini pekee huiacha hadithi nusu. Shuka kwanza Maruhubi. Barghash alilijenga kasri hili mwanzoni mwa miaka ya 1880, karibu wakati uleule wa Beit al-Ajaib, lakini hapa nguzo ni za mawe, nene kiasi kwamba mikono ya mtu mmoja haizungushi. Zilibeba ghorofa ya mbao, na mbao hizo ziliteketea kwa moto mwaka 1899. Weka kiganja juu ya nguzo moja ukiikumbuka ile ya chuma uliyoiona asubuhi. Mbele kidogo ni Mtoni, kasri la zamani kuliko yote, ambako Sayyida Salme alizaliwa mwaka 1844. Hapo ukuta na boriti vilikuwa ndiyo kila kitu, na paa lilipokwenda, vyumba vikabaki vikiwa vile vile vyembamba. Hesabu hatua zako kwa mara ya mwisho.

Malizia Kidichi, juu ya kilima kilichozungukwa na mashamba ya viungo, kwenye hamamu, nyumba ya kuogea kwa mvuke, ambayo Seyyid Said aliijengea mke wake wa Kiajemi mwaka 1850. Ni jengo dogo lisilo na fahari yoyote kwa nje. Ndani, mafundi walichonga kwenye lipu ya chokaa maua, mitende na ndege, ambao katika makasri ya mjini huwaoni, na macho yako yatataka kubaki kwao. Waache ndege kwanza, uinue kichwa kama ulivyofanya asubuhi. Hakuna boriti. Mvuke ungeuozesha mti, hivyo fundi aliziba juu kwa jiwe tupu, akilikunja kuwa kuba, na katika kuba akaacha matundu madogo ya mwanga. Miaka 33 kabla ya chuma cha Barghash, njia ya kuezeka bila mkoko ilikuwa tayari ipo hapa kilimani, imefichwa ndani ya chumba cha kuogea. Kaa hapo kwenye ubaridi mpaka miale ipande kutoka sakafuni hadi ukutani, iwafikie wale ndege.